Limau: Lini Tupande, Lini Tuchume?



Katika mikutano ya vikundi vya kina mama na vya vijana kuna swali moja ambalo halikosi: "Miti ya limau tuipande mwezi gani?" Na wale ambao tayari wamepanda wana lao: "Mbona malimau yetu bado ni kijani na tulisikia limau hukomaa likiwa la manjano?"

Jibu ni kwamba inategemea mahali ulipo. Mwezi ambao ni mzuri kwa mtu wa Makueni unaweza kuwa wa hasara kubwa kwa mtu wa Chekalini. Na hasara yenyewe ni ya kikundi. Tuseme kikundi chenu kina watu 20, mmechanga polepole kwa miezi 6, mkanunua miche 100. Mkiipanda Novemba kwa sababu ndipo pesa zilipopatikana, ikifika Februari huenda mkawa na vijiti vikavu 60 na malalamiko mengi. Watu wataanza kusema kuwa mweka hazina amekula pesa au miche ilikuwa mibovu, na kumbe shida ilikuwa kalenda tu. Kikundi kinaweza kuvunjika kwa jambo dogo namna hiyo. Basi hebu tulitazame vizuri.

TUELEWANE KWANZA KUHUSU JINA

Huku kwetu watu wengi husema "ndimu" kwa kila tunda chachu. Watu wa pwani hutofautisha. Kwao ndimu ni lile tunda dogo, la mviringo, lenye ngozi nyembamba. Limau ni kubwa zaidi, refu kidogo, na lina chuchu upande mmoja. Hapa tunazungumzia limau. Lakini mengi tutakayosema yanafaa pia kwa ndimu na machungwa, maana yote ni ya ukoo mmoja.

Kuna pia lile limau la kienyeji lenye ngozi nene ya makunyanzi, ambalo huota lenyewe kando ya nyumba. Msilidharau. Mizizi yake ina nguvu na huvumilia ukame kuliko mingine mingi, ndiyo maana wenye vitalu hulitumia kama shina la chini, halafu juu yake wanaunganisha aina nzuri kama Eureka au Lisbon. Mche uliounganishwa huanza kuzaa mwaka wa 3 hivi. Ule ulioota kwa mbegu tu unaweza kukuweka miaka 5 mpaka 8 ukingojea.

MLIMAU UNATAKA NINI?

Mambo ni matatu: joto, maji na udongo usiotuama maji.

Joto kwanza. Mlimau hukua vizuri sana joto likiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Likishuka chini ya nyuzi 13 hivi, mti haufi, lakini unasimama. Haukui wala hautoi majani mapya. Barafu ya usiku ndiyo adui mkubwa, na katika jamii yote ya machungwa limau na ndimu ndizo zinazoumia haraka zaidi. Ndiyo maana huoni mashamba ya limau Kinangop wala Molo.

Kumbukeni hesabu hii: kila ukipanda mlima mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mombasa iko usawa wa bahari. Sisi hapa Lugari tuko juu karibu mita 1,700. Kwa hiyo mlimau wa hapa na mlimau wa Kilifi ni kama watoto wawili wa mama mmoja, mmoja analelewa kwenye joto na mwingine kwenye baridi kidogo. Wote watakua, ila hawatakua kwa mwendo mmoja.

Maji nayo: mti unataka mvua ya milimita 900 au zaidi kwa mwaka, iliyogawanyika vizuri. Sisi mvua tunayo ya kutosha. Shida yetu ni kwamba huja kwa mkupuo mmoja mrefu, kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba au Oktoba, halafu Desemba, Januari na Februari jua linawaka.

Tatu, udongo. Mlimau hauwezi kusimama ndani ya maji. Maji yakituama, shina huoza karibu na ardhi na kutoa kitu kama gundi, majani yanakuwa manjano, na mti unakufa polepole. Kwa hiyo lile bonde ambalo mnapanda nduma, msipeleke limau huko. Tafuteni mahali penye mteremko kidogo.

LINI TUPANDE HAPA CHEKALINI?

Mwezi mzuri ni katikati ya Aprili mpaka mwisho wa Mei. Sababu ni hii. Mche mchanga unahitaji miezi 5 au 6 ya unyevu ili mizizi yake ishuke chini kabla ya jua la Desemba. Ukipanda Aprili, mti unafika Desemba ukiwa na miezi 7 au 8 ardhini. Ukipanda Oktoba, unafika Desemba ukiwa na miezi 2. Ni sawa na kumwachisha mtoto kunyonya kabla hajaota meno.

Msikimbilie mvua ya kwanza. Mwaka mwingine mvua hunyesha siku 3 mwishoni mwa Machi, watu wanafurahi, halafu jua linarudi wiki 2. Chimbeni kidogo mwone. Udongo ukiwa na unyevu mpaka urefu wa mkono kutoka kwenye vidole hadi kiwiko, basi mvua imefika.

Sasa mtasema, "Lakini Aprili sisi tuko kwenye mahindi!" Ni kweli. Lugari ni nyumba ya mahindi, na hakuna mtu ataacha kupanda mahindi ili apande limau. Ndiyo maana kazi nzito ifanywe mapema. Mashimo yachimbwe Januari na Februari, wakati mashamba yamepumzika na mikono ipo. Yajazwe Machi. Mvua ikishika, kupanda mche mmoja ni kazi ya dakika chache. Watu 20 wanaweza kumaliza miche 100 asubuhi moja.

Je, ukikosa Aprili na Mei? Unaweza kujaribu Agosti, maana mvua bado iko. Lakini ukivuka wiki ya kwanza ya Septemba, heri ungoje. Weka miche kivulini, imwagilie maji, uipande mwaka unaofuata. Mche uliongoja ndani ya mfuko ni afadhali kuliko uliokufa shambani. Wale tu wenye kisima au mto karibu, na ambao wako tayari kubeba maji miezi 3 bila kuchoka, ndio wanaoweza kupanda wakati wowote.

KWA NDUGU ZETU WA SEHEMU NYINGINE

Wengi wetu tuna watoto na jamaa waliohamia mbali. Wakiuliza, waambieni hivi:

Pwani (Kwale, Kilifi, Mombasa): mvua kubwa hushika Aprili na Mei. Pandeni mwanzoni mwa mvua hiyo. Joto liko mwaka mzima, kwa hiyo mti hukua haraka, lakini kivuli cha makuti kwa miezi ya kwanza ni lazima, hasa jua la Januari mpaka Machi.

Makueni, Kitui na Machakos: huko mvua ya kutegemea ni ile ya Oktoba mpaka Desemba. Kwa hiyo wao hupanda mwisho wa Oktoba au Novemba, wakati ule ule ambao sisi tunakatazwa! Mnaona sasa kwa nini usimwige mtu uliyemsikia redioni kabla ya kujua anakaa wapi.

Teso, Soroti na Kumi kule Uganda: wana misimu miwili, Machi hadi Mei, na Agosti hadi Oktoba. Msimu wowote kati ya hiyo unafaa, lakini ule wa kwanza ni salama zaidi, maana ukame wao mkubwa pia ni Desemba mpaka Februari.

Tanga na Muheza kule Tanzania, nchi ya machungwa: masika ni Machi mpaka Mei, na vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Wengi hupanda masika.

Sehemu za baridi kali, juu ya mita 2,000: mti mmoja kando ya ukuta wa nyumba unaweza kukupa limau la chai. Lakini kikundi kisiweke pesa huko. Afadhali tufaha au plamu.

SHIMO NA MCHE

Shimo liwe futi 2 kwenda chini na futi 2 kila upande. Udongo wa juu uweke kando, na ule wa chini uweke upande mwingine. Changanya ule wa juu na madebe 2 ya mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, urudishe kwanza. Mbolea mbichi itachoma mizizi. Shimo likae wiki kadhaa ili udongo utulie.

Kati ya mti na mti acheni mita 5 au 6. Mkiacha mita 5 kwa 5, ekari moja huingia miti 160 hivi. Mkiacha mita 6 kwa 6, huingia kama 112. Msibane. Mlimau ukikomaa hutanuka sana na una miiba, na mtapita wapi na ndoo?

Pandeni jioni au siku ya mawingu. Kata mfuko wa plastiki wote uutoe. Bado kuna watu wanapanda na mfuko! Pale mche ulipounganishwa pabaki juu ya ardhi, karibu upana wa viganja viwili. Ukifukia pale, ule ubora ulionunua unaupoteza, na ugonjwa wa kuoza shina unapata mlango. Na kila chipukizi litakalotoka chini ya pale, liondoe. Hilo ni la limau la kienyeji, linakula chakula cha mwenzake.

Miaka 2 au 3 ya kwanza pandeni maharagwe au njugu katikati ya miti. Hizo huleta chakula na kulisha udongo. Mahindi yasikaribie mche kwa sababu huunyima jua, na nyasi ya napia isikaribie kabisa.

Ikifika Septemba, kabla mvua haijaisha, funikeni ardhi kuzunguka mti kwa nyasi kavu au mabua ya mahindi. Acheni nafasi ya kiganja kimoja karibu na shina ili lisioze na mchwa wasipande. Kuanzia Desemba, mche mchanga upewe debe moja la lita 20 kila baada ya siku 3 au 4. Maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanafaa pia.

MAUA HUJA LINI?

Watu wengi hupanda vizuri kisha kwenye kuchuma wanabahatisha. Ukitaka kujua utachuma lini, anza na maua.

Mlimau hauchanui kwa kupenda tu. Huchanua ukipata shida kidogo halafu nafuu. Shida hiyo ni ya aina mbili. Katika nchi zenye baridi kama Italia, Hispania na Argentina, baridi ya miezi michache huupumzisha mti, na joto likirudi maua hutoka. Kwetu sisi tunaokaa karibu na ikweta, baridi ya namna hiyo hakuna. Shida yetu ni kiangazi. Mti ukikaa wiki 4 mpaka 6 au zaidi bila maji, unasimama. Mvua ikija, baada ya wiki 3 au 4 unaona maua.

Wakulima wa kisiwa cha Sicily kule Italia waligundua jambo hili zamani na wakaligeuza kuwa pesa. Kati ya Juni na Julai, wakati wa jua lao kali, wao hunyima miti maji makusudi mpaka majani yanajikunja. Halafu huimwagilia kwa wingi na kuitia mbolea. Miti hutoa maua mwisho wa Agosti na Septemba, na matunda yake hukomaa kiangazi cha mwaka unaofuata, wakati ambapo watu wa Ulaya wanataka vinywaji baridi na malimau ya kawaida yamepungua. Malimau hayo huitwa verdelli, kwa sababu huchumwa yakiwa ya kijani.

Sasa tujitazame sisi. Kiangazi cha Desemba mpaka Februari kinafanya kazi ile ile bila sisi kuguswa. Mvua ya mwisho wa Machi inaleta maua mengi Aprili na mapema Mei. Kutoka ua mpaka limau la kuchuma, kwenye joto la pwani huchukua miezi 6 au 7. Hapa kwetu juu, hesabuni miezi 8 au 9. Kwa hiyo maua ya Aprili yatakupa mavuno ya Desemba na Januari. Karo ya shule inaitwa Januari! Mti huu umejipanga vizuri na shida zetu. Maua mengine machache hutoka wakati wowote kukiwa na siku kavu zinazofuatwa na mvua, kwa hiyo mti uliokomaa mara nyingi utakuwa na limau moja moja karibu mwaka mzima.

Lakini kama kila mtu kijijini anachuma Desemba na Januari, bei itashuka. Kikundi chenye maji karibu kinaweza kufanya kama watu wa Sicily. Chukueni nusu ya miti, ile iliyovuka miaka 4 na yenye afya. Katikati ya Januari, baada ya wiki 5 au 6 za ukavu, anzeni kuimwagilia vizuri. Itachanua Februari, na mtachuma Oktoba na Novemba, mbele ya wengine. Nusu nyingine iacheni ingoje mvua. Lakini sikilizeni: ukianza kumwagilia usiache mpaka mvua ije, la sivyo maua na vitunda vyote vitaanguka. Na msifanye hivyo kwa miti michanga. Huo ni uonevu.

Msishtuke pia mkiona maua mengi yameanguka. Ndivyo ulivyo. Kati ya maua 100 ni machache tu yanayobaki kuwa matunda, na mti uliokomaa bado utakupa mamia ya malimau kwa mwaka.

LINI TUCHUME?

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: rangi. Limau huwa la manjano kwa sababu ya usiku wa baridi. Kule ambako usiku una joto, kama pwani, limau linaweza kujaa maji, likakomaa kabisa, na ngozi bado ni ya kijani. Huko ukingoja manjano utachuma tunda lililozeeka. Hapa kwetu usiku una baridi, kwa hiyo manjano huja, lakini hata sisi tusiongozwe na rangi peke yake.

Angalieni mambo manne:

1. Ukubwa. Chukueni waya, mkunje uwe pete yenye upana wa sentimita 5 na nusu hadi 6. Limau lisilopita ndani ya pete liko tayari. Linalopita liachwe. Hata wachumaji wa California kule Marekani hutumia pete namna hii.

2. Ngozi. Iwe laini na inang'aa, imejinyoosha. Ikiwa bado ina vinundu na ni ngumu kama jiwe, ngoja.

3. Uzito. Limau lililokomaa ni zito mkononi kuliko unavyotarajia kwa ukubwa wake.

4. Maji. Chumeni 5 kutoka miti tofauti, mkate, mkamue. Yakitoa maji kidogo na nyama ya ndani ni kavu, subirini wiki 2 au 3.

Limau si kama ndizi au embe. Likishachumwa haliendelei kuiva. Ngozi inaweza kugeuka manjano ndani ya gunia, lakini maji hayaongezeki hata tone. Kwa hiyo broka anayekuja Oktoba na kukuambia "chuma tu, itaivia njiani" anakudanganya. Anajua wewe una shida, basi. Ukichuma changa, mnunuzi wa Turbo au Eldoret akikata na kukuta kavu, mara nyingine hatataka jina la Chekalini.

Pia msikae sana. Limau likiachwa mtini muda mrefu huwa kubwa, ngozi inanenepa, ndani panakuwa kama pamba. Tena linachosha mti, na maua yanayofuata huchelewa.

Namna ya kuchuma: ngojeni umande ukauke, kama saa 4 asubuhi. Ngozi ikiwa na maji mengi, ukiibonyeza mafuta yake hutoka na kuacha madoa ya kahawia. Tumieni makasi, mkate kikonyo karibu na tunda. Usivute, maana utachana ngozi na uozo utaingia hapo. Usitupe chini. Weka polepole kwenye ndoo au kreti, si gunia lililoshindiliwa. Pelekeni kivulini mara moja. Yakikaa mahali penye kivuli na hewa, mkitoa yale yaliyooza kila siku mbili, yanaweza kungoja soko wiki 2 mpaka 4. Tofauti na nyanya, limau linakupa muda wa kubishana bei.

UGONJWA WA KUOGOPA

Kuna ugonjwa mmoja unaoitwa griningi. Huletwa na mdudu mdogo sana anayerukaruka kwenye majani machanga. Aina ya mdudu tuliyonayo tangu zamani Afrika hapendi joto kali, anapenda baridi ya milimani kama hapa kwetu. Alama yake ni vipele juu ya majani machanga. Mti ukishapata ugonjwa, majani huwa na mabaka ya manjano yasiyolingana upande na upande, matunda yanakuwa madogo, yamepinda, na machungu. Na tangu katikati ya miaka ya 2010, mdudu mwingine kutoka Asia, ambaye anavumilia joto, amepatikana Tanzania na pwani ya Kenya. Kwa hiyo hata watu wa pwani wakae macho.

Dawa ya kuponya mti haipo. Kilichopo ni kuzuia. Nunueni miche kwenye kitalu kinachokaguliwa na KEPHIS, na mwombe karatasi. Mkitaka kuunganisha wenyewe, vikonyo vitoke kwenye mti mnaojua ni mzima. Msinunue miche ya mtu anayepita na wilbaro sokoni, hata kama bei ni nusu. Na mti uliougua ung'olewe, hata kama ni wa mwenyekiti.

Mkitaka kitalu chenu, hesabuni miezi 18. Mbegu za limau la kienyeji zipandwe mara tu zinapotolewa kwenye tunda, maana zikikauka hazioti. Zikipandwa Oktoba, mashina hufika unene wa penseli karibu mwaka mmoja baadaye. Mnaunganisha, na Aprili inayofuata miche iko tayari pamoja na mvua.

MTI NI WA NANI?

Mtu akisema hili halihusiani na kalenda, anakosea. Mahindi ni ya miezi 6 au 8. Mlimau unakaa miaka 20 na zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tupande lini, ulizeni tunapanda kwa nani.

Wazee wetu wa sehemu hii ya Kakamega walikuwa na mila kwamba mwanamke asipande mti. Kupanda mti kulikuwa ni kusema "ardhi hii ni yangu". Wale walioendesha mradi wa kuni hapa Kakamega miaka ya 1980 walikutana na ukuta huo, na ikabidi wakae na wanaume na wanawake kuzungumza. Siku hizi kina mama wengi wanapanda. Lakini bado tunaona haya: mama amepanda, amebeba maji viangazi vitatu, na siku mti umezaa, mwingine anakuja kupatana na broka. Au kikundi kimekodi shamba, miti ikianza kuzaa mwenye shamba anasema mkataba umekwisha.

Katiba ya mwaka 2010 inasema ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi kuhusu ardhi uondolewe. Hiyo ni nguvu, lakini karatasi ya kikundi ni nguvu pia. Kama ni nyumbani, mume na mke wakae wakubaliane mbele ya kikundi: miti mingapi, nani atauza, pesa zitafanya nini. Kama ni shamba la kukodi, mkataba uwe wa miaka 10 au zaidi, uandikwe, uwekwe sahihi mbele ya chifu msaidizi na mashahidi, nakala moja ibaki kwa karani wenu. Mwenye shamba akikataa miaka 10, pandeni mboga hapo. Msimpandie mtu limau.

KALENDA YA CHEKALINI KWA UFUPI

Januari na Februari: kuchimba mashimo. Kumwagilia miche michanga. Kumalizia kuchuma.
Machi: kujaza mashimo na kuagiza miche.
Aprili na Mei: kupanda. Miti mikubwa inachanua, msiipogoe sasa.
Juni na Julai: kupalilia na kuondoa machipukizi ya chini.
Agosti: nafasi ya mwisho ya kupanda. Angalieni vipele kwenye majani.
Septemba: kufunika ardhi kwa nyasi.
Oktoba na Novemba: kujaribu kwa pete na kukata 5. Kutafuta soko mapema.
Desemba: kuanza kuchuma. Kuanza kumwagilia miche.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwetu mvua huisha mwezi gani hasa? Muulizeni mzee mmoja na kijana mmoja, mlinganishe majibu.
2. Ni nani kati yetu ana maji karibu mpaka Februari? Je, miche mingi ikae kwake?
3. Ardhi tutakayopandia ni ya nani, na tumeandika nini?
4. Tukipata mavuno ya kwanza, pesa zitagawanywa au zitaingia kwenye mfuko? Amueni sasa, kabla hazijaonekana.

Andikeni majibu kwenye kitabu cha mikutano, mje nayo kwenye semina. Mkiwa na swali zaidi, mwoneni ofisa wa kilimo wa wadi, maana huyo ni wenu na mshahara wake mnaulipa. Na kama shimo la kwanza halijachimbwa, jembe liko wapi?